Joho la Amana

Kiwalani, upande ule ambao ndege hupita chini mpaka mtu unakatiza maneno na kungoja, anakaa mzee mmoja anayeitwa Mashaka Nantanga. Mtaani walimpachika jina la Mzee Maneno. Si kwamba alikuwa mgomvi, wala. Sauti yake ni ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Ila ulikuwa ukikaa naye dakika tano, lazima akuulize nguo uliyovaa inaitwaje, na ukishamjibu umekwisha, maana atakueleza jina hilo lilizaliwa wapi, lilipita kwa nani na lilifikaje mwilini mwako. Ukisema suruali, atakwambia Waarabu husema sirwali, na Waarabu nao walilitoa kwa Waajemi. Ukisema kofia, atakwambia wapo wanaolihusisha na mji wa Waarabu uitwao Kufa, wapo wanaobisha, na yeye mwenyewe bado anatafakari. Vijana wa bodaboda wakimwona anakuja na bakora yake, wote kwa pamoja walikuwa wanapigiwa simu za haraka.

Lakini neno lake kubwa, lile alilolitunza kuliko yote, lilikuwa joho.

"Joho si nguo," ndivyo alivyoanzaga, kidole juu. "Nyie mnadhani ni nguo. Joho ni kitambaa. Waarabu wanasema jokh, maana yake sufi nzito, imefumwa ikagandamizwa. Na wao walilipata kwa Waturuki, na wapo wanaosema Waturuki nao walilitoa Uajemi. Sasa lilipofika kwetu Pwani lilikuwa limeshashonwa, limetiwa zari mbele, bwana mkubwa kalivaa. Sie tukaona nguo, tukasema joho ni nguo. Mwarabu ukimwuliza ile nguo atakwambia bishti, ndiyo bushuti yetu. Joho ni ile sufi yenyewe."

Akimaliza hapo hutazama usoni mwako kuona kama limeingia. Halikuwa linaingia. Mkwewe Recho, mke wa mwanawe Ismail, aliyasikia maneno hayo kila mwezi kwa miaka sita, naye aliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Usimlaumu. Wewe ungekuwa una daftari za watoto wa chekechea arobaini za kusahihisha, na maharage jikoni, na baba mkwe yuko mlangoni anakupeleka Uturuki, ungefanyaje?

Basi lazima lijulikane hilo joho lenyewe lilifikaje mikononi mwake, kwa sababu halikuwa lake.

Mashaka alizaliwa Newala, akaja Dar mwaka sabini na tisa kwa mjomba wake aliyekuwa mchonga vinyago Mwenge. Kuchonga kulimshinda, mwezi wa pili tu alijikata kidole gumba nusura kitoke. Mjomba akamwambia kwa upole kwamba mpingo haumtaki. Akaenda Temeke, akapata kazi kwenye duka la Mshihiri mmoja aliyeitwa Maalim Abdulrahman, mshona kanzu, mtu mfupi, mkali wa sindano na mpole wa kila kitu kingine. Alikaa pale miaka kumi na saba. Maalim ndiye aliyemfundisha kukata ukosi, kutarizi, kutia bitana, kitambaa cha ndani, bila mshono kuonekana, na akamfundisha kwamba fundi asiyejua jina la kitu kinachopita mikononi mwake ni sawa na cherehani. Maneno yote yale ya Mzee Maneno yalitoka kwenye kinywa cha Maalim, wote wawili wameinamisha vichwa, sindano zinakwenda. Mashaka hakusoma zaidi ya darasa la saba. Dunia yake yote aliipata kwenye majina ya nguo.

Nyuma ya duka, ndani ya sanduku la mninga, ndimo lilimokaa joho. Lilikuwa la babake Maalim, alioa nalo huko kwao Shihiri, Uarabuni, na Maalim mwenyewe alioa nalo hapa. La rangi ya kahawa iliyokolea, sufi tupu, na mbele zari ya dhahabu imeshuka pande mbili mpaka magotini. Chini ya ukosi, kwenye bitana, jina la yule babu liliandikwa kwa wino wa buluu, kwa herufi za Kiarabu, mkono wa mtu aliyejua kuandika. Maalim alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, Najat, na huyo Najat alipokuwa mdogo Mashaka alikuwa akimfukuza dukani kila akipita na kikombe cha maji karibu na lile sanduku. Alikuwa anamfokea haswa. Mtoto alikuwa akikimbia kwa babake analia, na babake anamwambia, Ami Mashaka yuko sawa, sufi na maji ni maadui.

Mwaka tisini na sita Maalim alikwenda Maskati kutibiwa macho, na Najat akamfuata kumwuguza. Miezi mitatu, alisema. Siku ya kuondoka akamkabidhi Mashaka sanduku.

"Hili nakuachia amana," alisema. "Mtu haachi joho la babake mahali asipokusudia kurudi. Na nisiporudi, Najat akizaa mwana wa kiume na mwana huyo akioa, Najat mwenyewe atakuja kulichukua. Usimpe mtu mwingine."

Hakurudi. Duka likauzwa na ndugu zake, Mashaka akahamia Kiwalani na cherehani chake na lile sanduku. Miaka kumi na miwili iliyopita habari zikaja kwamba Maalim amefariki, na neno lake la kuhusu joho liko pale pale.

Tangu hapo maisha ya Mashaka yakawa ni kungoja. Kila mwezi, Ijumaa ya kwanza baada ya swala, alilitoa sandukuni, akalitundika kivulini nyuma ya mlango, akalipiga brashi taratibu, akalifukiza udi, akakagua kama nondo wa sufi hawajalitoboa, akabadilisha karafuu alizofunga kwenye kitambaa, akalirudisha. Mkewe alikuwa hai akamzoea hivyo, akafa akamwacha hivyo. Majirani walikuja kuliazima kwa harusi za watoto wao, akawakatalia wote, na wengine wakanuna mpaka leo. Ismail mwenyewe, mwanawe wa pekee, alipokuwa anamwoa Recho bomani, aliomba alivae nusu saa tu, apige picha. Mashaka alikataa.

"Mwanangu, si langu," alimwambia mwanawe.

"Baba, unalipenda joho la watu kuliko mie," Ismail alisema, naye hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Alioa na suti ya kuazima. Sasa anaendesha lori la Tunduma, akirudi nyumbani anamsalimia babake vizuri, na habari ya joho haigusi. Mashaka alijua alimwumiza mtoto. Alijua, na kila akikumbuka roho inamwuma, lakini alijiambia siku Najat akija, siku atakapolishika akaliona lilivyo, Ismail ataelewa babake alikuwa mtu wa namna gani.

Jumanne moja simu ikaita. Namba ya nje.

"Ami Mashaka? Shikamoo, Ami. Mimi Najat wa Abdulrahman."

Mzee alikaa chini palepale kwenye kizingiti. Najat alikuwa Dar, kafikia kwa ndugu Mbezi Beach. Kijana wake anaoa Jumapili, hukohuko Mbezi Beach, na familia nzima imekuja kutoka Maskati.

"Nakuja Jumamosi baada ya adhuhuri," alisema. "Kijana kakataa bushuti zote mpya. Kasema atavaa la babu yake. Lipo, Ami?"

"Lipo," Mashaka alisema. "Lipo kama lilivyoachwa."

Siku zile mbili zilizofuata, mtaa mzima ulijua. Alimweleza muuza genge, alimweleza imamu, aliwaeleza vijana wa bodaboda ambao safari hii hawakupigiwa simu. Alikuwa mwepesi, mzee wa watu, hata bakora aliisahau msikitini. Alhamisi asubuhi akalitoa joho mapema lipate hewa, akalitundika nyuma ya mlango, kisha akaenda Kariakoo kutafuta udi wa aina aliyopenda Maalim, ule mkavu usio na mafuta mengi. Alimwacha Recho nyumbani, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo fupi. Hakumwambia lolote kuhusu joho. Angemwambia nini? Alishamwambia kila mwezi kwa miaka sita.

Sasa Recho ni Mhaya wa Muleba, mtu wa usafi, mtu wa heshima. Kanzu anazijua vizuri, kwao bwana harusi haendi bila kanzu, na kanzu ya bwana harusi hufuliwa, hutiwa buluu, hupigwa wanga mpaka ikisimamishwa inasimama. Alilitazama lile joho nyuma ya mlango. Lilinuka udi wa miaka thelathini, karafuu, na uzee. Kwenye mikunjo kulikuwa na vumbi. Alikumbuka jinsi baba mkwe alivyolipenda, jinsi mumewe alivyonyimwa, na jinsi yeye mwenyewe tangu aingie nyumba ile hajawahi hata kuligusa kwa kidole. Akaona hii ndiyo nafasi yake. Mgeni anatoka Maskati, atapewa kitu chenye vumbi? Akachemsha maji. Akamimina sabuni ya unga kwenye beseni kubwa. Akalisugua kwa moyo wake wote.

Mashaka alirudi alasiri. Aliingia uani na kifurushi cha udi mkononi, akaona kitu kimeanikwa juani kwenye waya, kinachuruzika. Kwanza hakukitambua. Alidhani ni blanketi la mtoto.

"Umerudi, baba? Pole na jua," Recho alimwitia kutoka jikoni, mikono bado ina povu. Alikuwa anatabasamu, na uso wake mzima ulikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi. "Nimekupunguzia kazi. Lile joho nimelifua maji matatu, baba. Maji ya kwanza yalitoka meusi tii. Limejikunja kidogo, nafikiri ni jua, ukilipiga pasi litanyooka. Nimelitia na wanga."

Mzee alikwenda mpaka kwenye waya. Hakwenda haraka. Mikono ya joho ilikuwa imepanda ikawa ya kumtosha mtoto wa miaka kumi. Sufi ilikuwa imeshikana, ngumu, imefanya vifundo vidogovidogo. Bitana, ambayo haikusinyaa kama sufi, ilikuwa imefura na kuning'inia nje chini kama utumbo. Zari ilikuwa imefifia ikawa ya kijivu. Akanyanyua ukosi kutafuta jina. Pale palipokuwa na jina palikuwa na doa la buluu, bovu, kama doa la kalamu iliyovuja mfukoni mwa mwanafunzi.

Alitaka kupiga kelele. Tuseme ukweli, alitaka kumpiga mtu, yeye ambaye hajapiga hata paka. Alitaka kumwuliza yule mtoto wa watu, miaka sita nakwambia sufi, sufi, sufi, ulikuwa unasikiliza nini? Akamtazama Recho, akaona povu kwenye vidole vyake, akaona vile anavyongoja kusifiwa.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

Akalishusha joho, akaingia nalo ndani, akafunga mlango.

Fundi ni fundi, alijua palepale kwamba limekwisha. Sufi ikishashikana kwa maji moto hairudi ilivyokuwa, si kwa dawa wala kwa dua. Lakini mtu aliyekata tamaa mikono yake haikubali. Ijumaa yote alikuwa nalo. Alilivuta kwa vidole, inchi kwa inchi. Alilifunga kwenye viti viwili, akavisogeza viti, baada ya saa mbili akakuta mshono wa bega umeachia na sufi imekaa vilevile. Aliwasha pasi yake ya zamani ya mkaa, akaweka kitambaa kibichi juu, mvuke ukapanda, na kilichotoka ni harufu ya wanga. Recho alipita mara mbili mlangoni, akauliza kama anataka chai. Mara ya tatu hakuuliza. Alisimama tu, kisha akaondoka, na mzee akajua wasiwasi umeshaanza kumwingia.

Jumamosi asubuhi alifanya jambo ambalo hakuwahi kudhani atalifanya. Alikwenda Kariakoo, kwenye duka la nguo za harusi, akaomba kuona bushuti za rangi ya kahawa. Kijana wa duka akamtandikia tano. Mojawapo ilikuwa karibu sana. Urefu uleule, rangi ileile, ila ni nailoni, na zari yake ni plastiki inayong'aa kupita kiasi. Najat aliliona joho mara ya mwisho akiwa msichana wa miaka ishirini na mbili. Atajuaje? Wino wa buluu unauzwa kila mahali, na mwandiko wa Kiarabu Mashaka aliujua kidogo. Alisimama pale na lile vazi mkononi mpaka kijana akamwuliza kama yuko sawa.

"Hii ya kitambaa gani?" mzee akauliza, japo vidole vilishamwambia.

"Joho la Dubai hilo, mzee wangu. Orijino."

Akalirudisha mezani. Ukitaka kujua Mashaka Nantanga ni nani, ndiyo huyo, anatoka dukani mikono mitupu, akijua anakwenda kufedheheka, na bado anatoka.

Njiani aliamua jambo la pili, nalo hakumwuliza mtu. Jina la Recho halitatajwa. Binti aliyatenda yale kwa mapenzi; kumtaja mbele ya mgeni ni kumfanya aishi na aibu hiyo nyumbani humo, na Ismail akirudi safari atalikuta joho lilelile lililomnyima picha sasa linamgombanisha na mkewe. Aliyekabidhiwa ni Mashaka. Basi limeharibika kwa Mashaka.

Najat alifika saa tisa kasoro, na teksi, peke yake. Mama wa makamo, mnene kidogo, baibui jeusi, macho ya babake yaleyale. Akaingia ukumbini kwa mzee, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umefanana na Maalim mpaka naogopa."

Wakaulizana hali, wakamrehemu marehemu. Recho alikuwa jikoni anatengeneza kahawa, pazia tu kati yao. Najat alieleza jinsi babake alivyokwisha. Macho hayakupona. Mwishoni alikuwa hata hamjui mkewe, lakini akiulizwa Temeke anazungumza.

"Hakuuliza nyumba, Ami, hakuuliza duka. Alokuwa akiuliza ni Mashaka yuko, joho liko? Tukimwambia liko, analala." Akacheka kidogo, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Na mimi nimewatangazia wakwe zangu wote. Wanangojea kuliona kesho."

Mzee akanyanyuka, akaenda chumbani. Alirudi na kifurushi cha kitambaa cheupe, akakiweka kwenye mapaja ya Najat kwa mikono miwili, na yeye akabaki amesimama.

"Amana yenu hii," akasema. "Nimeiharibu."

Najat akafungua. Akalikunjua mpaka likaisha, na lilikwisha mapema. Kwa muda akawa analigeuza, huku na huku, kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa nguo.

"Hiki nini?"

"Joho la Maalim. Lilipata maji."

"Maji? Lilipataje maji?"

"Nililitia mwenyewe. Niliona lina vumbi."

Jikoni kijiko kilianguka sakafuni. Najat hakugeuka. Alikuwa anamtazama mzee, na yale macho ya Maalim yalikuwa yanabadilika taratibu.

"Wewe," akasema. "Wewe ulilitia maji. Wewe ulonifokea mtoto wa miaka minane kwa kikombe cha maji, mpaka nikajikojolea pale dukani, unakumbuka? Ndiye wewe ulochukua joho la sufi ukalifua?"

Uongo aliouchagua Mashaka ulikuwa mbaya kuliko uongo wote, kwa sababu mtu pekee duniani aliyejua kwamba hawezi kufanya jambo lile ndiye aliyekuwa ameketi mbele yake.

Najat akashika ukosi, akaugeuza.

"Jina la babu liko wapi?"

"Limefutika."

"Limefutika." Akaligusa lile doa kwa ukucha. Ndege ikapita juu, wakangoja ipite. Kisha akalikunja lile vazi, vizuri tu, kona kwa kona, akalirudisha kwenye kitambaa cheupe.

"Ami Mashaka," akasema, na hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. "Miaka thelathini ni mingi, na maisha ni magumu, mimi naelewa. Ungeniambia Jumanne kwamba uliliuza ulipokuwa na shida, wallahi ningekusamehe, na ningekuombea. Lakini kuniletea kipande cha blanketi kilochochemshwa, uniambie ndiyo joho la babu yangu?"

"Ndilo, mwanangu."

"Hapana. Babangu alilala kwa sababu yako. Kila usiku alilala kwa sababu yako."

Akanyanyuka. Mzee akanyoosha mikono kumpa kile kifurushi, akafika mpaka mlangoni amekinyoosha hivyo.

"Chukua, tafadhali. Likiwa zima, likiwa bovu, ni lenu. Mie siwezi kubaki nalo."

"Nichukue nini?" Najat alisema. Akavaa viatu vyake, akaingia kwenye teksi, na teksi ikarudi nyuma polepole kwenye kichochoro, majirani wakiwa wamesimama nje, maana wote walijua Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

Mzee akarudi ndani, akakaa, kifurushi mapajani. Recho akatoka nyuma ya pazia. Uso wote ulikuwa umelowa.

"Ni mie, baba. Ni mie niliyelifua."

"Najua."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mke wa mwanangu alitaka kunifurahisha?"

"Basi nipe namba yake. Nampigia sasa hivi, namwambia ukweli, atageuza gari."

Mashaka akatikisa kichwa. "Atasema tumepanga. Ningekuwa mie, ningesema hivyo hivyo."

Recho alifikiri, na kadiri alivyofikiri aliona ni kweli. Akakaa chini kwenye mkeka, miguuni kwa mzee. Kahawa ilikuwa inapoa jikoni na hakuna aliyeikumbuka. Alitaka sana kumpa kitu, chochote, na alitafuta ndani ya kichwa chake akakuta kitu kimoja tu ambacho huyu mzee amewahi kutaka kutoka kwake.

"Baba," akasema. "Ulikuwaga unatwambia. Joho. Kwa Kiarabu ni nini vile? Nieleze tena, nitasikiliza."

Mzee alimtazama. Kidole chake kilijiinua kidogo kutoka kwenye kile kitambaa cheupe, kama kilivyozoea, kisha kikashuka.

"Ni nguo tu, mwanangu," akasema. "Joho ni nguo."

Akamwomba amletee maji ya kutawadha, kwa sababu alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa.